Mbona Buffett huuza, ikiwa hisa ni za milele?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mombasa, nina hisa zangu chache za Safaricom na za benki mbili. Kila anayenieleza uwekezaji hunitolea mfano wa Warren Buffett, kwamba hununua kampuni nzuri akakaa nayo milele. Lakini nimesoma kuwa mwaka 2020 aliuza hisa zote za kampuni za ndege, na mwaka 2024 akapunguza Apple kwa theluthi mbili. Sasa huyu ni mtu wa milele au ni mchuuzi kama wachuuzi wengine? Na mimi nikae na zangu hadi lini? Tena kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mwenzetu anayenunua kila anachonunua Buffett, eti ndiyo njia ya mkato. Nimfuate?"

Marahaba, Mwalimu. Maswali yako ni matatu, na la kwanza ndilo linalobeba mengine, kwa hiyo nitalikalia zaidi.

Hiyo milele ina pahali ilipotokea. Kila mwaka Buffett aliwaandikia barua wenye hisa wa kampuni yake, Berkshire Hathaway. Katika barua ya mwaka 1988 alieleza kwamba wamenunua kwa wingi hisa za kampuni mbili: Coca-Cola, na Freddie Mac, ile taasisi ya Marekani inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki. Akasema wanatarajia kukaa nazo muda mrefu, na kwamba wanapomiliki sehemu ya biashara bora yenye uongozi bora, muda wanaoupenda zaidi ni milele. Watu wakaibeba ile milele, wakayaacha masharti yake, wakaliacha na jina la pili. Coca-Cola Berkshire bado inayo. Freddie Mac iliuzwa karibu yote mwaka 2000, kwa kuwa Buffett aliona viongozi wake wameshikwa na homa ya kuahidi faida inayokua kwa kasi kila mwaka, na wameanza kutia fedha pasipohusiana na kazi yao. Septemba 2008 serikali ya Marekani ikalazimika kuishika kampuni hiyo isizame, na waliokuwa na hisa zake wakabaki na makaratasi.

Kampuni mbili, sentensi moja, na hatima mbili. Kwa hiyo ndiyo, Buffett huuza, na ameuza tangu utotoni. Mchuuzi huuza kwa sababu bei imesogea. Buffett, anapokuwa katika ubora wake, huuza kwa sababu biashara yenyewe imebadilika, au bei imepaa hadi haina tena uhusiano na biashara, au amegundua kwamba alichonunua sicho alichodhani. Na kuna la nne ambalo wanaokufundisha hawakuambii, nami naliona kubwa kuliko hayo matatu: amejijengea nyumba ambamo hakuna anayeweza kumlazimisha auze. Hilo hulioni kwenye orodha ya hisa zake.

Alizaliwa Omaha, jimbo la Nebraska, Agosti 1930. Machi 1942, akiwa na miaka 11, alitoa akiba yake yote, dola 114.75, akanunua hisa 3 za kampuni ya Cities Service. Bei ikashuka kutoka dola 38 hadi 27, na dada yake Doris, ambaye naye alikuwa ameingia kwa ushauri wake, hakuacha kumkumbusha. Zilipofika dola 40 akauza upesi apate kupumua. Baadaye zikapita dola 200.

La pili lilimuuma zaidi. Alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aligundua kwamba mwalimu wake, Benjamin Graham, ndiye mwenyekiti wa GEICO, kampuni ya bima ya magari. Jumamosi moja ya Januari 1951 akapanda treni hadi Washington, akakuta mlango wa ofisi umefungwa, akagonga mpaka mfanyakazi wa usafi akamfungulia. Ndani alikuwapo ofisa mmoja tu, Lorimer Davidson, ambaye alikaa na kijana huyo asiyemjua kwa muda wa saa 4 hivi akimfafanulia jinsi bima inavyoleta faida. GEICO iliuza bima moja kwa moja kwa wateja bila kupitia kwa mawakala, kwa hiyo gharama zake zilikuwa chini ya za washindani, na iliweza kutoza nafuu na bado ikapata faida. Buffett alitia humo dola 10,282, zaidi ya nusu ya alichokuwa nacho. Mwaka 1952 akauza kwa dola 15,259 ili ahamie kampuni nyingine ya bima iliyoonekana ya bei rahisi zaidi kwa hesabu. Miaka 20 baadaye hisa zilezile alizouza zilikuwa na thamani ya takriban dola milioni 1.3. Ameisimulia hasara hiyo mwenyewe katika barua zake, na sidhani kama kuna aliyewahi kueleza vizuri zaidi ubaya wa kuuza biashara nzuri kwa sababu tu umepata nyingine ya bei ya chini.

Sasa angalia, Mwalimu, kwamba somo hilo hakulifuata mara moja. Graham alimfundisha mambo matatu: kwamba hisa ni kipande cha biashara halisi, kwamba bei ya soko ni maoni tu ya siku ile, unaweza kuyapokea au kuyapuuza, na kwamba ununue kwa bei iliyo chini mno ya thamani ili hata ukikosea hesabu usiumie. Kwa Graham kampuni haikuhitaji kuwa nzuri, ilihitaji kuwa ya bei rahisi. Unanunua kampuni hafifu kwa nusu ya mali zake, bei ikijirekebisha unatoka. Mei 1956 Buffett alianza ubia na watu 7, ndugu na marafiki, wakiwa na dola 105,100 ambazo 100 tu zilikuwa zake, na hadi 1969 alipata wastani wa asilimia 29.5 kwa mwaka kabla ya kukata chake, wakati fahirisi ya Dow Jones, kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilipata 7.4. Nyingi ya faida hizo zilitoka kwa mtindo wa kuingia na kutoka. Miaka ile ungemwita mchuuzi usingekosea sana.

Kilichomgeuza ni kiwanda cha nguo. Desemba 1962 alianza kununua hisa za Berkshire Hathaway, kampuni ya vitambaa ya New Bedford, Massachusetts, kwa dola 7 na senti kadhaa. Kampuni ilikuwa inafunga viwanda kimoja baada ya kingine, na kila ikifunga kimoja hutumia fedha zake kununua hisa zake. Hesabu ilikuwa nyepesi: nunua sasa, subiri kiwanda kingine kifungwe, wauzie. Mwaka 1964 mkuu wa kampuni, Seabury Stanton, akamuuliza ataziuza kwa bei gani. Wakakubaliana dola 11.50. Barua rasmi ilipokuja ilisema dola 11.375. Kwa ajili ya tofauti ya senti 12 na nusu Buffett akapandwa na hasira, akakataa kuuza, akaendelea kununua, na Mei 1965 akawa na usukani wa kampuni iliyokuwa inakufa. Aliendesha nguo kwa miaka 20 kabla ya kufunga mwaka 1985. Mashine za kufumia zilizonunuliwa mwaka 1981 kwa takriban dola 5,000 kila moja hazikupata mnunuzi hata kwa dola 50; zikauzwa chuma chakavu kwa dola 26, fedha isiyotosha hata kuzitoa mlangoni.

Hapo ndipo uvumilivu unapoonyesha sura yake nyingine. Kukaa na biashara mbovu miaka 20 si subira, ni kupoteza umri wa fedha. Aliwahi kusema kwenye mahojiano kwamba ununuzi ule ulimgharimu kama dola bilioni 200, ukilinganisha na ambavyo fedha zile zingefanya kama zingeingia moja kwa moja kwenye bima.

Aliyemtoa kwenye bei rahisi ni Charlie Munger, mwanasheria mzaliwa wa Omaha aliyehamia California na kuwa mwenzake hadi alipofariki Novemba 2023, akikaribia kutimiza miaka 100. Munger alishikilia neno moja: nunua biashara nzuri sana kwa bei ya haki, badala ya biashara ya hivihivi kwa bei nzuri sana. Jaribio la kweli lilikuja mwaka 1972, ilipojitokeza See's Candies, kampuni ya chokoleti ya Los Angeles iliyoanza mwaka 1921 kwa mapishi ya mama mmoja aitwaye Mary See. Wenyewe walitaka dola milioni 30. Mali zake za kushikika, majengo, mitambo na bidhaa, zilikuwa kama milioni 8. Kwa mwanafunzi wa Graham, kulipa mara tatu ya mali ni kama kutukana mzee. Buffett alisimama kwenye milioni 25, asiongeze hata moja, na angeweza kuikosa. Wakakubali.

Hebu tuiangalie kwa karibu, maana humu ndimo falsafa yote ilimolala. Mwaka 1972 See's iliuza karibu ratili milioni 17 za chokoleti kwa dola milioni 31. Mwaka 1984 iliuza karibu ratili milioni 25 kwa dola milioni 136. Ratili ziliongezeka kwa chini ya nusu, mapato yakawa zaidi ya mara nne. Ukigawa utaona ratili moja ilipanda kutoka dola 1.85 hadi 5.49, na wateja hawakukimbia, kwa sababu mtu anayempelekea mchumba wake zawadi ya Valentino hatafuti chokoleti ya bei ya chini. Kisha tazama upande wa pili: kuongeza mauzo kiasi hicho hakukuhitaji viwanda vipya. Kufikia mwaka 2007 See's ilikuwa imehitaji kuongezewa mtaji wa dola milioni 32 tu tangu inunuliwe, na katika miaka hiyo ilikuwa imetoa jumla ya dola bilioni 1.35 za faida kabla ya kodi. Zilizobaki zilipelekwa Omaha zikanunue vitu vingine.

Kiwanda cha nguo kingeweza kuonyesha faida mwaka mmoja na mwaka wa pili ukairudisha yote kwenye mitambo mipya, kwa sababu mshindani naye amenunua. See's ilitoa. Biashara ya namna hiyo ndiyo inayostahili kukaliwa, kwa kuwa kila mwaka unaopita unafanya kazi upande wako. Bila See's, Buffett amesema, asingeelewa Coca-Cola.

Nayo Coca-Cola mwenyewe, ilikuwaje? Berkshire ilikamilisha manunuzi yake mwaka 1994, hisa milioni 400 kwa jumla ya dola bilioni 1.3. Mwaka huo ilipokea mgao wa faida wa dola milioni 75. Mwaka 2022 mgao wa mwaka mmoja ulikuwa milioni 704, zaidi ya nusu ya fedha yote iliyotolewa, bila Buffett kununua hata hisa moja ya nyongeza. Hata hivyo usidanganyike kwamba kukaa hakuna gharama. Mwaka 1998 bei ya Coca-Cola ilipaa hadi haina maana, ikaanguka, na ikachukua zaidi ya miaka 10 kurudi pale. Katika barua ya mwaka 2003 Buffett alikiri kuwa lilikuwa kosa kubwa kutouza baadhi ya hisa zao kubwa wakati wa wazimu ule. Wanaomsifu kwa milele ukurasa huo wanauruka.

Sasa ile nyumba niliyoitaja. Machi 1967 Berkshire ilinunua kampuni mbili za bima za Omaha, National Indemnity na ndugu yake, kutoka kwa Jack Ringwalt, kwa dola milioni 8.6. Katika bima mteja hulipa leo, kampuni hulipa fidia baadaye, na kwa aina fulani za madai baadaye hiyo ni miaka mingi. Katikati hapo fedha zimekaa mkononi mwa kampuni, nayo huziwekeza, na faida ya uwekezaji ni yake. Huyu akilipwa fidia, yule analeta ada mpya, kwa hiyo fungu lile halikauki maadamu biashara inaendelea. Mwaka 1970 fungu la Berkshire lilikuwa dola milioni 39. Mwaka 1990 likawa bilioni 1.6, mwaka 2010 karibu bilioni 66, mwaka 2024 bilioni 171. Kwa sheria ni deni, lakini ni deni la ajabu: halina tarehe ya kulipwa kwa pamoja, halina riba, iwapo ada zinatosha kulipia fidia na gharama, na hakuna mdai anayeweza kupiga simu Jumatatu asubuhi, bei za hisa zikiwa zimeanguka, akasema nataka changu. Huko ndiko alikoirudia hata GEICO: alianza kuinunua tena mwaka 1976 ilipokuwa inachungulia kaburi, na mapema mwaka 1996 akamalizia nusu iliyobaki kwa dola bilioni 2.3.

Ongeza na hili. Alipoufunga ule ubia mwaka 1969 na kubaki na kampuni, alibadilisha namna watu wanavyotoka. Katika ubia, mwekezaji akiogopa anadai fedha zake, nawe unauza hisa ili umlipe, tena wakati mbaya kuliko wote. Katika kampuni, mwenye hisa akiogopa anamuuzia mwenye hisa mwingine, na Berkshire yenyewe haitoi hata senti. Kati ya Machi 1973 na Januari 1975 hisa ya Berkshire ilianguka kutoka dola 93 hadi 38. Ikaanguka karibu nusu kati ya 1998 na 2000, na nusu nyingine mwaka 2008 kuingia 2009. Hakuna siku katika hizo ambapo Buffett alilazimika kuuza kitu. Kuanzia 1965 hadi mwisho wa 2024 hisa ile ilikua kwa wastani wa asilimia 19.9 kwa mwaka, wakati S&P 500 (fahirisi ya kampuni kubwa kama 500 za Marekani) pamoja na mgao ilikua kwa 10.4, na kishindo chote cha tofauti hiyo kilihitaji mtu ambaye hajatolewa mchezoni katikati.

Aliyetolewa yupo, naye hakuwa mjinga. Zamani Buffett na Munger walikuwa na mwenzao wa tatu, Rick Guerin, hodari wa kuchagua hisa. Mohnish Pabrai, mwekezaji ambaye yeye na mwenzake walilipa dola 650,100 kwa hisani kula chakula cha mchana na Buffett mwaka 2008, amesimulia kwamba alimuuliza Guerin yuko wapi. Akaambiwa Guerin alikuwa na haraka ya kutajirika: alinunua hisa kwa mkopo uliodhaminiwa na hisa zenyewe. Soko lilipoporomoka mwaka 1973 na 1974 wakopeshaji wakamdai, akalazimika kuuza Berkshire yake. Aliyezinunua, kwa chini ya dola 40 kila moja, alikuwa Buffett. Bei ileile, kampuni ileile, siku ileile. Mmoja alikuwa na deni, mwingine hana.

Nawe Mwalimu huna haja ya kwenda Marekani kuliona hilo. Machi 2008 serikali ya Kenya ilipouza asilimia 25 ya Safaricom kwa shilingi 5 kwa hisa, watu walijipanga foleni, na wengi walikopa benki. Maombi yakazidi hisa zilizokuwapo, kwa hiyo mtu alipata kipande kidogo cha alichoomba huku riba ikihesabiwa. Mwaka 2009 bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyekuwa na mkopo wa kulipa aliuza hapo. Aliyetumia akiba asiyoihitaji alikaa, akapokea mgao mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2021 akaiona bei ikipita 40. Wote wawili walikuwa sahihi kuhusu Safaricom, sema mmoja alikuwa na mdai.

Turudi kwenye kuuza kwenyewe. PetroChina, kampuni ya mafuta ya China, Berkshire iliinunua mwaka 2002 na 2003 kwa dola milioni 488, Buffett akiamini kampuni nzima ina thamani ya bilioni 100 na soko likiiuza kwa 37. Mwaka 2007 mafuta yalipanda na soko likawa linaitaka kwa bilioni 275. Akauza zake kwa bilioni 4. Hiyo ni bei kukimbia biashara. Kampuni za ndege ni kinyume chake: bei ilikuwa chini, lakini janga la korona lilikuwa limeifuta hesabu aliyonunulia. Mei 2020, akizungumza Omaha kwenye ukumbi usio na watu, alisema ameuza American, Delta, Southwest na United zote, kwa kuwa dunia ya ndege imebadilika. Miezi iliyofuata hisa hizo zilipanda na wakosoaji walimcheka. Kwangu mimi uamuzi ulikuwa halali hata kama wakati haukuwa mzuri. Aliyenunua abiria akabakiwa na viti vitupu hana sababu ya kukaa. Tesco, kampuni ya maduka makubwa ya Uingereza, nayo ilikuwa uzembe mtupu: aliona dalili kwamba uongozi una matatizo, akauza kidogokidogo huku anajivuta, na hasara baada ya kodi ikafika dola milioni 444.

Apple ndiyo ngumu. Aliinunua kwa wingi kati ya 2016 na 2018, na mwisho wa 2021 kilichogharimu dola bilioni 31 kilikuwa na thamani ya bilioni 161. Kutoka hisa milioni 905 mwisho wa 2023 alishuka hadi milioni 300 Septemba 2024. Kwenye mkutano wa Mei 2024 alitaja kodi: faida hiyo ilitozwa asilimia 21, naye alihisi kiwango kitapanda siku za mbele kwa jinsi serikali ya Marekani inavyotumia zaidi kuliko inavyokusanya. Maelezo hayo nayakubali nusu. Kampuni moja ilikuwa imekua hadi kumeza karibu nusu ya hisa zote za Berkshire, bei ilikuwa juu, na mwenyewe alikuwa anajiandaa kumwachia makamu wake, Greg Abel, usukani, jambo alilolitangaza Mei 2025. Mzee wa miaka 90 na zaidi anayemkabidhi mtu nyumba hupunguza vyombo.

Wewe ukae hadi lini? Kwanza tenga fedha utakazozihitaji ndani ya miaka 5, karo, matibabu, kiwanja, zisiguse hisa kabisa, na usinunue kwa mkopo wa chama wala wa benki. Ukishafanya hivyo umepata kile kipande cha Berkshire kinachoweza kunakiliwa. Kisha kwa kila kampuni uliyonayo andika kwa mistari michache kwa nini unaimiliki: inauza nini, nani hawezi kuiacha, faida yake inahitaji kurudishwa kiasi gani kwenye mitambo. Taarifa ya mwaka ikitoka, soma ukilinganisha na mistari yako, bila kuangalia bei. Kwa Safaricom, kwa mfano, aliyenunua kwa sababu ya M-Pesa anapaswa kujiuliza Ethiopia imebadilisha nini. Kampuni ikiongoza washirika wake ililipa dola milioni 850 kwa leseni ya huko mwaka 2021, na kujenga mtandao katika nchi kubwa hivyo kunakula fedha nyingi kabla ya kurudisha. Inaweza kuwa See's nyingine, inaweza kuwa mashine za kufumia. Hilo ni swali la biashara, na jibu lake likikushinda baada ya kusoma kweli, hiyo yenyewe ni sababu ya kupunguza.

Na kama kusoma taarifa hizo kunakuchosha, Buffett hana ugomvi nawe. Kwa mdhamini atakayesimamia fedha za mkewe ameagiza asilimia 90 ziwekwe kwenye mfuko wa gharama ndogo unaofuata S&P 500, na 10 kwenye hatifungani za serikali za muda mfupi, yaani fedha unazoikopesha serikali. Kuanzia 2008 hadi 2017 aliweka dau hadharani kwamba mfuko wa namna hiyo utawashinda mabingwa. Ulipata asilimia 125.8, kati ya vikapu 5 vya mifuko vilivyochaguliwa na wataalamu, kilichofanya vizuri zaidi kilipata 87.7. Hapa kwetu kilicho karibu na hayo ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ila uliza ada kabla ya kusaini.

La tatu, huyo mwenzenu wa WhatsApp. Sheria ya Marekani inawataka wawekezaji wakubwa watangaze hisa walizonazo kila robo ya mwaka, lakini wana siku 45 baada ya robo kwisha. Kwa hiyo anachosoma mwenzenu ni picha ya zamani. Novemba 2022 dunia iliambiwa Berkshire imenunua TSMC, kampuni ya Taiwan inayotengeneza chipu, kwa zaidi ya dola bilioni 4, na bei ikaruka siku ileile kwa sababu ya wanaonakili. Februari 2023 ikatoka taarifa iliyofuata: kufikia mwisho wa Desemba Berkshire ilikuwa imekwisha kuuza asilimia 86 ya hisa hizo. Baadaye Buffett alieleza kwamba kampuni ni nzuri mno ila hakuridhika na mahali ilipo. Mwulize mwenzenu alijua lini.